Feni ya bomba ya kujitengenezea kwa ajili ya droni: dalili, vyanzo na marekebisho

Malalamiko ya wanaojenga feni ya bomba kwa mara ya kwanza yanafanana sana. Msukumo hautoshi. Mapanga yanakwaruza ukuta. Mota inalia kisha inakata. Mezani feni inavuma vizuri, ikifungwa kwenye droni chombo kinayumba. Anayelaumiwa kwanza ni mota, na mara nyingi mota haina hatia: kosa liko kwenye njia ya hewa, au kwenye mizani iliyotumika kupimia.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi usiohitaji bisibisi umetangulia ule wa kubomoa ulichojenga. Badilisha kitu kimoja tu kati ya jaribio na jaribio. Ukibadilisha viwili na mambo yakakaa sawa, hutajua kipi kilichoponya.

Kwanza tuelewane maneno. Bomba ni duara linaloizunguka feni. Mdomo ni ukingo wa mbele hewa inapoingilia, koo ni pale mapanga yanapozungukia, na mkia ni nyuma hewa inapotokea. Mwanya ni nafasi kati ya ncha ya panga na ukuta wa koo. Kitovu ni sehemu ya katikati iliyobeba mota. Vibao tuli ni vile visivyozunguka nyuma ya feni, vinavyoshika mota na kunyoosha hewa. ESC ni kidhibiti cha kasi ya mota.

Kabla hujawasha

Chukua feni yenye kipenyo cha mm 127 inayozunguka mara 25,000 kwa dakika. Ncha za mapanga zinakwenda mita 166 kwa sekunde, na kipande cha gramu 1 kilicho kwenye ncha kinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 44 hivi. Panga likikatika, kipande hicho hakitasubiri uiname.

Kwa hiyo: miwani ya kinga machoni, kinga ya plastiki ngumu ya polikaboneti kati yako na feni, na usisimame kamwe ubavuni mwa feni, kwa maana ya usawa ule ambao mapanga yanazungukia. Kaa nyuma yake kwa mbali au mbele kwa mbali. Usiamini kwamba bomba lenyewe litazuia kipande. Bomba jembamba la printa ya 3D hupasuka pamoja na panga. Chomoa betri kila unapotaka kugusa chochote, hata kama ni kusogeza waya tu.

Na mapanga nunua. Bomba, mdomo, vibao tuli na kitovu chapisha utakavyo, ila mapanga yaliyochapishwa kwa printa ya 3D yana udhaifu kati ya tabaka na tabaka, na kwa kasi hizi udhaifu huo utajitokeza. Najua inauma kuacha muundo uliouchora mwenyewe. Jicho linauma zaidi.

Dalili ya 1: Msukumo ni mdogo kuliko ulivyotarajia

Anza na matarajio yenyewe. Kwa hesabu ya kitabuni isiyo na msuguano wowote, feni ndani ya bomba ambalo eneo la mkia ni sawa na eneo la feni hutoa msukumo zaidi kwa asilimia 26 kuliko propela ya wazi ya kipenyo kilekile inayokula nguvu ileile. Hiyo ndiyo dari. Kwa bomba la nyumbani, ukipata asilimia 10 juu ya propela ya wazi umefanya kazi nzuri. Aliyetarajia msukumo uongezeke maradufu hana tatizo la feni, ana tatizo la matarajio.

Hesabu hiyohiyo inasema jambo la pili ambalo wengi hulipita: katika hali hiyo bora, nusu ya msukumo wote hautoki kwenye mapanga, unatoka kwenye bomba. Hewa inayoingia kwa kasi juu ya mdomo uliopinda hushusha kanieneo pale, na bomba linavutwa mbele. Ukielewa hilo utaona kwa nini mdomo mkali kama ukingo wa mkebe huua mradi mzima.

Sasa pima namba nne kwa wakati mmoja: volti, ampea, mizunguko kwa dakika, na msukumo. Kama huna takometa (kipima mizunguko), programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti inatosha. Tafuta sauti kuu, gawa masafa yake kwa idadi ya mapanga, zidisha kwa 60. Feni ya mapanga 5 inayolia kwa hezi 2,000 inazunguka mara 24,000 kwa dakika. Pima kwanza propela ikiwa wazi, kisha ikiwa ndani ya bomba, kwa volti zilezile na kijiti cha kasi kikiwa mahali palepale. Linganisha:

- Mizunguko imepanda kidogo, ampea zimeshuka, msukumo haujabadilika sana. Hii ni habari njema iliyovaa nguo za msiba. Bomba linavuta hewa kwa kasi zaidi, kwa hiyo mapanga yanaikata hewa kwa pembe ndogo na yamepunguziwa mzigo. Weka propela yenye pembe kubwa zaidi, au yenye mapanga mengi zaidi, hadi ampea zirudi zilipokuwa. Msukumo utapanda.
- Mizunguko imeshuka, ampea zimepanda. Kitu kinakwaruza, au hewa imezibwa mbele au nyuma. Nenda dalili ya 3, kisha rudi.
- Mizunguko na ampea ni zilezile, msukumo umeshuka. Bomba halifanyi kazi, limekuwa mzigo tu. Fuata vyanzo vilivyo hapa chini kwa mpangilio wake.

Mizani inadanganya. Hiki ndicho chanzo namba moja, na hakuna anayetaka kukisikia. Niliwahi kumaliza wiki nzima nikibadilisha mota kumbe waya mnene wa betri ulikuwa umeushika mkono wa stendi ya kupimia msukumo kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Weka uzito unaoujua, mathalani gramu 500, mahali msukumo unapopita na kwa upande uleule msukumo unaoelekea, waya zote zikiwa zimefungwa kama wakati wa jaribio. Namba isipokuwa 500 pande zote mbili, ukipakia na ukipakua, acha feni na utengeneze stendi. Kama stendi yako ni ya nyenzo, pima upya urefu wa mikono yote miwili kutoka kwenye bawaba. Kisha tazama upepo unapopiga: upepo wa mkia ukipiga kibao cha stendi unairudisha nyuma na kula sehemu ya msukumo uliotaka kuupima. Geuza feni ipulize upande usio na stendi.

Chumba nacho ni sehemu ya mizani. Ndani ya chumba kidogo kilichofungwa hewa huanza kuzunguka, ikatoka kwenye mkia na kurudi mdomoni, na msukumo hushuka taratibu jaribio likiendelea. Fungua milango, sogeza stendi mbali na ukuta, na pima kwa vipindi vya sekunde 5 hadi 10.

Propela imefungwa kinyume. Propela iliyogeuzwa uso nyuma bado hupuliza upande unaotakiwa, ila vibaya na kwa kelele, ndiyo maana kosa hili hudumu bila kuonekana. Maandishi yaliyo kwenye propela yaangalie mdomoni, hewa inapoingilia. Mota ikizunguka upande usio wake, badilishana waya mbili zozote kati ya tatu zinazotoka kwenye ESC.

Mwanya ni mkubwa. Hewa yenye kanieneo kubwa chini ya panga hupenya kwenye mwanya na kurudi juu. Uwe chini ya asilimia 1 ya kipenyo. Kwa mm 127 huo ni mm 1.2, nami hulenga mm 0.6. Pima sehemu nane kuzunguka bomba kwa vipande vya karatasi au kadi ulizozipima unene kwa kalipa, maana bomba la kuchapishwa mara nyingi si duara kamili. Jaribio rahisi la kuthibitisha: bandika mkanda wa karatasi wa wapaka rangi ndani ya koo, tabaka moja moja, hadi mwanya upungue nusu. Zungusha kwa mkono kwanza, kisha kwa kasi ya chini, kinga ikiwa mahali pake. Msukumo ukipanda wazi, umepata mgonjwa wako. Toa mkanda kabla ya kwenda kasi kubwa, kwa sababu ukibanduka utaingia kwenye mapanga. Tiba ya kudumu ni kuchapisha koo jipya, au kuweka utepe wa povu laini ambao ncha za mapanga zinajichongea njia yake. Watengenezaji wa injini za ndege hufanya vivyo hivyo kwa utando laini unaokubali kukwaruzwa, kwa hiyo usione haya.

Mdomo ni mkali. Mpindo wa mdomo uwe na nusu kipenyo kisichopungua asilimia 6 ya kipenyo cha koo, na kwa feni inayoelea tu mahali pamoja hata asilimia 10 au zaidi. Gundisha vipande vifupi vya uzi mwepesi kuzunguka mdomo ndani na nje. Uzi uliolala ukielekea ndani unaonyesha hewa imeshikamana na ukuta. Uzi unaocheza na kugeuka nyuma unaonyesha hewa imebanduka. Hakikisha uzi ni mfupi mno kuyafikia mapanga. Ukitaka jibu la haraka zaidi, chukua bomba la sponji linalovikwa mabomba ya maji moto, lipasue kwa urefu wake, livike ukingoni kama mdomo wa muda na ulifunge sawasawa. Nimeona jaribio hili moja likimaliza ubishi wa siku tatu.

Mkia umebana. Wanaotoka kwenye ndege za modeli za kasi huzoea kubana mkia ili hewa itoke kwa kasi. Droni inaelea, inataka hewa nyingi, si hewa ya kasi. Koo la mm 127 lenye kitovu cha mm 35 lina eneo la wazi la mm za mraba 11,700 hivi, kwa hiyo mkia usiokuwa na kitovu ndani usiwe chini ya mm 122. Kuupanua mkia kidogo kunasaidia, ila kila upande usipanuke kwa zaidi ya nyuzi 7 hivi, la sivyo hewa inaachana na ukuta na faida inapotea. Kitovu kiishie kwa ncha kama karoti, kisikatwe ghafla. Kama bado una nguvu ya kuhangaika, tazama uzi ulioshikwa nyuma ya mkia: ukipinda kwa mzunguko, vibao tuli havinyooshi hewa.

Dalili ya 2: Namba za mizani zinacheza au hazirudi sifuri

Hapa ni fupi. Skrubu za kihisi uzito zimelegea: kaza, kisha hakikisha kihisi kimeshikwa ncha moja tu na ncha ya pili iko huru kabisa. Kihisi kimepata joto kutoka kwa ESC iliyo karibu, au kimepigwa na upepo: sogeza ESC, kikinge kwa kadi. Waya za kihisi zimepita sambamba na waya za mota: zitenganishe, sokota zile za kihisi peke yake, zipitishe upande mwingine. Moduli ya HX711, kibodi kinachosoma kihisi uzito, inasoma mara 10 au 80 kwa sekunde, nayo huhitaji dakika chache za kupata joto baada ya kuwashwa kabla sifuri yake haijatulia. Chukua wastani wa usomaji mwingi, usishike namba moja iliyopita.

Ikiwa hairudi sifuri hata baada ya uzito wa kawaida kuondolewa, kihisi kimewahi kuzidiwa na kimepinda. Kitupe.

Dalili ya 3: Ncha zinakwaruza bomba

Zima mara moja. Kisha soma alama, maana alama zinaeleza kila kitu. Paka ndani ya koo rangi ya kalamu nene na uzungushe kwa mkono.

Alama mahali pamoja pa bomba, na mapanga yote yamegusa: mota haiko katikati, au bomba si duara. Hiki ndicho kisa cha kawaida. Legeza skrubu za mota, weka kadi zenye unene sawa kwenye mwanya pande nne, kaza kwa mkingamo, toa kadi. Bomba la yai halinyooshwi kwa kusuguliwa. Lizungushie pete ngumu kwa nje au lichapishe upya likiwa nene zaidi.

Alama kuzunguka bomba lote, lakini panga moja tu ndilo lililochubuka: panga hilo ni refu, au kitovu cha propela hakijakaa katikati ya shafti. Ukilikata hilo refu, pima usawa wa uzito upya kabla ya kuwasha.

Hakuna alama ukizungusha kwa mkono, inakwaruza kwenye kasi tu: mapanga ya plastiki yanarefuka kwa mvuto wa mzunguko, au kishikio cha mota kinapinda. Kama inaanza baada ya dakika moja au mbili, fikiria joto. Plastiki ya PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na kitako cha mota hufika hapo bila shida. Chapisha kishikio kwa PETG, ambayo huvumilia hadi karibu nyuzi 80, au kwa ABS, au tia kibati cha alumini kati ya mota na plastiki.

Mwisho kabisa, shika propela na uitikise kwa upole. Ikicheza, beringi zimechoka.

Propela iliyokwaruza hadi ikapoteza kipande au kupata ufa mweupe haina matumizi mengine. Ivunje mbili ili kesho usije ukaisahau na kuifunga tena.

Dalili ya 4: Mtetemo na kelele

Mtetemo unaoongezeka kadiri kasi inavyopanda ni uzito usiolingana. Weka propela kwenye mizani ya sumaku au kwenye shafti iliyolala juu ya nyembe mbili. Panga linaloshuka ndilo zito. Bandika selotepu kwenye lile jepesi kwa nyuma, karibu na kitovu, au paka tone la gundi. Wengi huishia hapo wakasahau kitovu chenyewe: geuza propela iwe wima, na ikikataa kukaa, kitovu kina upande mzito. Baada ya hapo fungua propela, washa mota tupu kwa kasi ndogo. Ikitetemeka peke yake, tatizo ni kengele ya mota (ganda lake la nje linalozunguka) au shafti iliyopinda baada ya kuanguka, na shafti iliyopinda haibembelezwi, inabadilishwa.

Mtetemo unaotokea kwenye kasi moja tu, ukipita hapo unatoweka, ni mwangwi wa muundo: vibao tuli au stendi vinaitikia kasi hiyo. Zima, chomoa betri, weka kitu kizito juu ya kitako cha stendi, kisha washa tena; mtetemo ukibadilika, stendi ndiyo inayoimba. Ongeza unene wa vibao au badilisha idadi yake. Usifanye majaribio marefu kwenye kasi hiyo.

Mlio mkali wa king'ora ni suala jingine. Kama feni ina mapanga 5 na vibao tuli 5, mapanga yote yanapita mbele ya vibao kwa wakati mmoja na sauti zinajumlishana. Chagua idadi zisizogawanyika moja kwa nyingine, kama 5 na 7 au 5 na 4, na vipeleke vibao nyuma kidogo, mbali na mapanga. Sauti ya kukwangua ambayo haina mpangilio kwa kawaida ni hewa iliyobanduka mdomoni. Rudi kwenye jaribio la vipande vya uzi, dalili ya 1.

Dalili ya 5: Mota inasitasita, inalia au inakata ghafla

Inatikisika ikiwashwa bila kuzunguka: waya moja kati ya tatu haijashika. Vuta kila kiungo kwa upole, tazama risasi iliyopoa vibaya, yenye rangi hafifu na nyufa. Usirudie kuwasha ili uone kama itajirekebisha. ESC huungua kwa mchezo huo.

Inazunguka vizuri ila inachelewa au haifiki kasi ya juu: ESC haijafundishwa upana wa ishara yako. Kwa kawaida ishara ni mikrosekunde 1,000 hadi 2,000. Fanya urekebishaji kama maelekezo ya ESC yanavyosema, propela ikiwa imefunguliwa.

Inakata ukipandisha kasi: pima volti za betri wakati mzigo upo, siyo wakati imepumzika. Betri ya LiPo (lithiamu-polima) iliyojaa ina volti 4.2 kwa seli na ikichoka huanguka haraka chini ya mzigo. ESC nyingi hukata ili kuilinda. Usiiache ishuke chini ya volti 3.0 kwa seli.

Inapiga kelele kali ghafla ukisukuma kijiti haraka, kisha inasimama: mota na ESC zimepotezana. ESC hukisia sumaku ziko wapi kwa kusoma umeme mdogo unaozalishwa na koili isiyolishwa kwa wakati huo, na propela nzito ikichelewa kuongeza mwendo, makisio yanakosea. Punguza kasi ya kupandisha kwenye mipangilio, ongeza taiming (jinsi ESC inavyowahi kulisha koili) hatua moja, jaribu propela nyepesi. Kama ulirefusha waya za betri ili kuweka ESC mbali, rudi nyuma: waya ndefu upande wa betri husababisha miruko ya volti inayoua ESC. Refusha zile tatu za mota badala yake, na ongeza kapasita ya kufaa kwenye mlango wa umeme wa ESC.

Dalili ya 6: Vitu vinachemka

Mota ikiwa imefichwa ndani ya kitovu kilichozibwa, hewa yote ya feni inapita nje yake na yenyewe inaiva. Toboa kitovu mbele na nyuma. Kama bado inachemka, ampea zimezidi kiwango cha mota: punguza pembe ya mapanga au shuka seli moja. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi, na hasara hiyo hairudi. Mota iliyowahi kuungua kidogo huzunguka haraka zaidi bila mzigo, hula ampea nyingi zaidi na kusukuma kidogo. Ukiona hivyo, imekwisha.

ESC iwekwe penye upepo, siyo chini ya sponji. Betri hukaguliwa kwa hesabu: mAh 1,500 yenye lebo ya 30C, yaani mara 30 ya ujazo wake, inadai kutoa ampea 45. Mimi huamini nusu ya lebo.

Acha kila kitu ukiona mojawapo ya haya: betri imevimba, ina harufu tamutamu ya kemikali, au inaendelea kupata joto baada ya kuchomolewa. Ukiweza kuisogeza kwa usalama, ipeleke nje, juu ya zege au mchanga, mbali na vitu vinavyowaka. Usiitoboe na usiichaji tena kamwe. Ikianza kutoa moshi, usiishike. Toka na uite zimamoto. Na ikiwa unatumia chaja au pawasaplai ya umeme wa ukutani inayotoa cheche, inayopiga shoti au kuangusha swichi kuu, usiifungue mwenyewe. Hapo ni pa fundi umeme.

Dalili ya 7: Mezani safi, angani vurugu

Droni haiinuki au inaishiwa betri mapema. Pima bomba kwenye mizani ya jikoni. Kama bomba moja pamoja na vishikio vyake lina gramu 90 na limekuongezea msukumo wa gramu 60 kuliko propela ya wazi, umejenga mapambo. Punguza unene wa ukuta, acha nyuzinyuzi za kaboni au povu gumu libebe umbo, au kubali kwamba kwa chombo hiki propela kubwa ya wazi inashinda. Msukumo wote wa juu kabisa uwe walau mara mbili ya uzito wa chombo kizima.

Inaruka ruka ikiwa bado karibu na ardhi. Mkia uliokaribia sakafu hupata hewa inayorudi. Miguu iwe mirefu, walau kipenyo kimoja cha feni, na uinuke bila kusita.

Inatetemeka haraka ikiwa hewani: rudi kwanza kwenye usawa wa uzito, kisha weka mpira laini chini ya bodi inayoendesha chombo, na mwisho ndipo uguse mipangilio yake. Ikiyumba polepole kama mtu anayechelewa kusikia, feni yako ni nzito kubadilisha mwendo. Punguza ukali wa mipangilio, usiuongeze.

Inainua pua ukiisukuma kwenda mbele. Hili si kosa la ujenzi, ni tabia ya bomba. Upepo wa mbele ukiingia mdomoni kwa ubavu, ukingo unaotangulia hunyonya zaidi kuliko wa nyuma, na chombo kinapindukia nyuma. Hiller VZ-1 Pawnee ya Marekani, jukwaa la kuruka na mtu mmoja juu ya feni ya bomba lililopaa mwaka 1955, lilitambaa polepole kwa sababu hiyohiyo: kila rubani alipoinama mbele kuharakisha, jukwaa lilijiinua kurudi sawa. Unaweza kupunguza kwa kufupisha bomba, kwa kusogeza kitovu cha uzito, na kwa vibao vya kuongozea chini ya mkia, mradi visipindwe zaidi ya nyuzi 15 hivi, maana hapo hewa huviacha na vinapoteza nguvu. Kama safari za mbele kwa kasi ndizo ulizotaka, feni ya bomba iliyolala mlalo si chaguo lako.

Majaribio ya kwanza ya angani yafanye chombo kikiwa kimefungwa kwa kamba fupi nne, bila mtu wala mnyama karibu, na baada ya kuangalia kanuni za droni za mamlaka ya anga ya nchi yako. Kila kikitua, chomoa betri, kisha pitisha kidole kwenye kila kibao tuli pale kinapoungana na bomba. Nyufa za kwanza huanzia hapo, na huonekana kama unywele mweupe kabla hazijaonekana kama ufa.